Ndovu Hanywi Mursik: Vile Ukame Ulizaa Shirika la Kuokoa Wanyama

Ukame ukiingia Kenya, kuna picha mbili lazima zizunguke kwa simu zetu. Ya kwanza ni mzoga wa ng'ombe umekauka kando ya barabara, huko Marsabit ama Kajiado. Ya pili ni mtoto wa ndovu amefunikwa blanketi, ananyonya chupa kubwa ya maziwa, na mlezi wa koti la kijani amemshikia. Chini ya hiyo ya pili maneno huwa ni yale yale: watu wanalala njaa Turkana na mnyama analala na blanketi? Kwani huyu ndovu ana mjomba serikalini?

Hilo swali silicheki. Ni swali la haki. Shida ni kwamba tunaliuliza kama lilizaliwa jana, na lina zaidi ya miaka 50. Lilianzia Tsavo, kwa ukame mmoja ambao wengi wetu hatukusomeshwa shuleni. Na ukiifuata hiyo story mpaka mwisho, unaona vile shirika la kuokoa wanyama huzaliwa kwa maafa, vile hukua, na ni nini kinalifanya lidumu wakati watu wa kamera washaenda nyumbani.

Tsavo kabla ya njaa

Tsavo ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1948, enzi ya mkoloni. Ukijumlisha Mashariki na Magharibi unapata zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Uasin Gishu yote ingeingia humo kama mara 6 hivi, kutoka Turbo mpaka Burnt Forest, na bado nafasi ibaki.

Mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki alikuwa David Sheldrick. Kazi iliyompa jina ilikuwa vita dhidi ya uwindaji. Kulikuwa na watu wanaitwa Waata, ambao Wazungu wa wakati huo waliwaita Waliangulu. Hao walikuwa wamewinda ndovu kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu vizazi na vizazi. Mbuga ilipochorwa kwa ramani, maisha yao yakageuka kuwa uhalifu. Katikati ya miaka ya 1950 operesheni kubwa ikafanywa na wengi wao wakaishia jela. Tuwakumbuke hao Waata, tutawahitaji baadaye.

Uwindaji ulipopungua, ndovu wakajaa. Nje ya mbuga mashamba na makazi yalikuwa yanaongezeka, kwa hivyo wanyama walisukumwa ndani. Wakala miti, wakaivunja, mpaka sehemu zilizokuwa msitu wa vichaka zikabaki nyasi tupu. Hapo mabishano yakaanza. Mwanasayansi Mwingereza, Richard Laws, aliyekuwa anaongoza utafiti wa Tsavo mwishoni mwa miaka ya 1960, alisema ndovu wamezidi ardhi. Maelfu wapigwe risasi kwa mpango, ama njaa itawaua bila mpango. Sheldrick akakataa kabisa. Yeye aliamini maumbile yatajipanga yenyewe. Laws akaondoka Kenya mwaka 1968, na bunduki zikabaki kwa stoo.

Halafu mvua ikakosa. Ukame wa 1970 na 1971 uliua ndovu wa Tsavo kwa idadi ambayo ni ngumu kuishika kichwani. Makadirio ya chini ni karibu 6,000. Lakini kile kilichoshangaza watafiti waliohesabu mizoga ni nani aliyekufa. Wengi walikuwa majike waliokomaa, na watoto wao.

Sababu yake ni rahisi na inauma. Ndovu dume anaweza kutembea mbali akitafuta chakula kisha arudi kunywa. Mama mwenye mtoto mdogo hawezi, lazima akae karibu na maji. Na wote wakikaa karibu na maji, majani ya hapo yanaisha. Kwa hivyo wengi walikufa njaa, wakiwa hatua chache tu kutoka mtoni. Mama alikuwa na maji ya kunywa lakini hakuwa na kitu tumboni, na mama asiyekula hana maziwa.

Nani alikuwa sahihi, Laws ama Sheldrick? Wasomi wamebishana juu ya hilo kwa miongo. Mimi naona kitu kingine. Wote wawili walikuwa wanazungumza kwa maelfu: waue maelfu, ama uache maelfu wajipange. Jibu lililokuja kuzaa shirika halikutoka kwa hao wawili. Lilitoka jikoni.

Maziwa yanayoua

David alikuwa na mke, Daphne, aliyezaliwa hapa Kenya mwaka 1934. Kwa miaka mingi nyumba yao Tsavo ilikuwa inapokea yatima wa kila aina: vifaru, nyati, pundamilia, ndovu. Ndovu aliyefika akiwa na umri wa kula majani alikuwa na nafasi. Eleanor, ndovu jike aliyekuja akiwa na kama miaka 2, alikua mpaka akawa mama wa kambo wa yatima wengine. Lakini mtoto mchanga, yule anayetegemea maziwa tu, alikufa. Akaletwa mwingine, naye akafa. Hiyo iliendelea miaka na miaka.

Watu wa Eldoret, hapa ndipo tusikilize vizuri. Sisi tumelelewa na maziwa. Mwanariadha akitua hapa na medali, kabla hata hajapumzika analetewa sotet ya mursik. Kwa hivyo ukimkuta mtoto wa mnyama analia njaa, akili yako inaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Kumbe hiyo huruma ndiyo sumu. Tumbo la mtoto wa ndovu haliyawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Anaharisha, anaishiwa maji mwilini, anakwisha. Unampa chakula na huku unamuua, na hujui.

Mwaka 1974 akaletwa mtoto mchanga aliyepewa jina Aisha. Daphne alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa kitu ambacho mama yeyote wa Pwani anacho jikoni: mafuta ya nazi. Yalikuwa karibu zaidi na mafuta ya maziwa ya ndovu mwenyewe. Akayachanganya na maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yasiyo na mafuta ya ng'ombe, na Aisha akaanza kunenepa. Miezi ikapita, mtoto yuko sawa, anacheza.

Kisha Daphne akasafiri kwa harusi ya binti yake. Hakukaa sana. Aisha aliachwa na watu waliomjua, lakini kwake mama alikuwa mmoja, na huyo mama amepotea. Akakataa kula. Alikufa.

Ukisoma historia ya hili shirika, Aisha ndiye ukurasa wa katikati. Aliacha mafunzo mawili. La kwanza ni maziwa yenyewe, nazi na yote. La pili ni kwamba mtoto wa ndovu anaweza kufa na huzuni, kwa hivyo asiwe wa mtu mmoja. Mpaka leo walezi wanabadilishana. Leo usiku analala kwenye zizi na huyu, kesho na yule. Chupa inakuja kila baada ya saa 3, mchana na usiku. Mtoto anapenda kundi zima, na mlezi mmoja akienda likizo hakuna anayekufa.

Shirika linakua kimya kimya

Sasa angalia tarehe. Ukame uliisha 1971. David alihamishiwa Nairobi 1976, na mwaka uliofuata akafariki ghafla. Mfuko wa kumkumbuka ulianzishwa 1977, na ndio uliokua ukawa shirika tunalolijua leo kama Sheldrick Wildlife Trust. Daphne alipewa ruhusa ya kuishi na yatima wake pale pale ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Kwa hivyo hakuna mtu aliyefungua shirika siku ya maafa, akapiga picha na kuweka namba ya kuchangia. Lilianza miaka 6 baada ya ukame, likiwa dogo, likiwa na mjane mmoja na siri moja ya maziwa.

Kisha maafa mengine yakaja, haya ya mkono wa binadamu. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu karibu 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Ujangili uliwafyeka. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe mbele ya kamera za dunia, na Oktoba mwaka huo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Dunia nzima ilikuwa inaangalia Kenya na kuuliza: hao watoto waliobaki kando ya mizoga, nani anawaweza? Na kulikuwa na mwanamke mmoja Nairobi ambaye tayari alikuwa na jibu. Ndovu mchanga aliyeitwa Olmeg, aliyeletwa 1987, alikuwa ameshaonyesha kwamba inawezekana.

Hiyo ndiyo sehemu watu hurukia. Pesa zilikuja kwa sababu ujuzi ulitangulia. Kama Daphne angeanza kutafuta maziwa mwaka 1989, watoto wote wangekufa mikononi mwake huku dunia ikitazama, na leo tusingekuwa na story.

Kutoka hapo, kila ukame ulileta yatima wapya na watu wapya wa kuwachangia. Kituo cha watoto kilibaki Nairobi. Wakifika kama miaka 3 wanapelekwa Tsavo kujifunza kuishi na ndovu wa porini: Voi, kisha Ithumba kuanzia 2004. Mwaka 2014 kikaongezwa Umani Springs, katika msitu wa Kibwezi, kwa wale wenye majeraha na udhaifu. Mmoja mmoja wanaondoka wenyewe, wanajiunga na makundi ya porini, na wengine wamerudi kuonyesha walezi watoto waliowazaa huko. Ndovu zaidi ya 300 wamepitia mikono ya hao walezi.

Na kama mtu wa kutengeneza maudhui, lazima niseme: hawa watu walielewa intaneti kabla yetu. Kila yatima ana jina, mara nyingi la mahali alipookolewa ama la lugha ya hapo. Ana siku yake ya kuokolewa. Walezi wanaandika habari zake, amekula nini, amegombana na nani, nani ameanza kujifanya mkubwa. Ukiwa Berlin ama Chicago unalipa kiasi kidogo kwa mwaka na unakuwa mlezi wake wa mbali. Hakuna mtu hulilia ndovu 6,000. Analilia mmoja mwenye jina.

Kitu cha maana zaidi ni mahali hizo pesa zilienda. Shirika lingeweza kubaki na chupa na blanketi tu, maana ndizo zinazouza. Badala yake lilienda nyuma kutafuta yatima wanatoka wapi. Likaweka vikosi vya kutoa mitego ya nyaya, madaktari wa mifugo wanaozunguka na maofisa wa KWS, ndege za kupiga doria, visima vya maji ndani ya Tsavo. Kama 1970 ilikufundisha kwamba mama hufa njaa akiwa amefungwa na maji, basi unatawanya maji.

Turudi kwa lile swali

Mvua zilikosa misimu 5 mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ukame mbaya zaidi kwa miaka 40. Ripoti ya serikali ya Novemba 2022 ilihesabu ndovu 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba, pamoja na nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Hiyo ni hasara kubwa. Lakini wakati huo huo wafugaji wa Kenya walikuwa wamepoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Hao ng'ombe hawakuwa na jina kwa intaneti. Lakini nyumbani walikuwa na majina, kila mmoja. Mtu wa jamii ya wafugaji hana haja ya kuelezwa. Ng'ombe ni karo, ni mahari, ni hospitali, ni chai ya asubuhi. Mfugaji aliyezika ng'ombe 40 akiona helikopta inashuka kumchukua mtoto wa ndovu, anaona nini? Anaona kwamba kuna uhai mmoja una thamani na mwingine hauna. Na huyo ndiye jirani wa ndovu. Akiamua ndovu ni adui, hakuna blanketi itasaidia.

Hapa ndipo Waata wanarudi. Uhifadhi wa Kenya ulianza kwa kuweka watu nje ya mpaka. Waliomjua ndovu kuliko mtu yeyote walifungwa, na waliokuja kumpenda ndovu waliishi mbali, ng'ambo. Miaka 50 ya kazi nzuri ya chupa haifuti hilo. Kuna pia hoja ya hesabu: sensa ya 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini. Ukilea 300 kwa gharama kubwa, umebadilisha nini? Naona jibu moja tu linalosimama. Mtoto mmoja hawezi kuokoa kizazi cha ndovu, lakini kile unachojenga ili kumwokoa kinaweza. Basi inategemea umejenga nini, na umekijenga na nani.

Maziwa ya mbuzi

Twende Samburu. Wakati wa kiangazi wafugaji wa huko huchimba visima virefu kwenye mchanga wa mito iliyokauka, wanapanga mstari ndani na kupandisha maji kwa mikono huku wakiimbia ng'ombe wao. Usiku ndovu nao huja kunywa, na watoto wao wakati mwingine hutumbukia. Kundi likishindwa kumtoa, linaondoka. Zamani mtoto kama huyo alipelekwa Nairobi, mamia ya kilomita kutoka kwao. Aliishi, ndiyo, lakini Samburu ilimpoteza.

Mwaka 2016 jamii ya Namunyak ilifungua kituo chake, Reteti. Ni cha wenyeji. Walezi ni Wasamburu, na kuna wanawake kati yao, kitu ambacho wazee wengi hawakutarajia kukiona. Yatima akipona anaachiliwa kwenye ardhi ile ile aliyozaliwa.

Kisha 2020 ikaja na korona. Maziwa ya unga yalikuwa yanatoka nje, ndege zimesimama, bei inapanda. Reteti wakageukia kitu kilichokuwa kinapita mbele yao kila siku: mbuzi. Mafuta ya maziwa ya mbuzi ni mepesi kwa tumbo kuliko ya ng'ombe. Wakajaribu kwa uangalifu, wakaongeza virutubishi, na watoto wakayakubali. Leo wanawake wa Samburu wanakamua mbuzi wao na kuuza maziwa kwa kituo.

Manze, fikiria hapo kidogo. Mbuzi anavumilia kiangazi kuliko ng'ombe. Kwa hivyo ukame uleule unaomaliza zizi la ng'ombe unamkuta mama ana kitu cha kuuza, na mnunuzi ni mtoto wa ndovu. Siwezi kusema njaa imeisha Samburu, haijaisha. Lakini lile swali la "mbona ndovu na si mimi" limeanza kupata jibu lenye shilingi ndani yake.

Sisi wa North Rift tusikae kama watazamaji. Ndovu wako Rimoi, hapo chini Kerio. Wako Mlima Elgon, wale maarufu wanaoingia mapangoni usiku kutafuta chumvi. Wanaishi na majirani wenye mahindi na mbuzi, na ukame utarudi, hiyo haina mjadala. Siku hiyo vijana kama sisi tutataka kufungua mchango, tuweke picha, tukimbize namba. Sawa. Lakini kabla ya kutuma hata mia, uliza shirika lolote mambo matatu. Mlikuwa mnafanya nini mwaka ambao mvua ilinyesha? Nani anashika hiyo chupa, na anatoka wapi? Na maziwa yaliyo ndani mmenunua kwa nani?

Daphne Sheldrick alifariki Aprili 2018. Alitumia karibu miaka 28 kupata maziwa ya kumlea ndovu mchanga. Reteti walijifunza kuyanunua kwa jirani. Shirika la kesho, kama litaanzishwa na mtu wa hapa kwetu, linafaa kuanza na hayo mawili kabla ukame haujafika.